Mwenye nyumba kakata kufuli nisipokuwepo, kabeba cherehani

Mshona_Usiku: Habari za humu. Juzi nimerudi kutoka kumpeleka mama hospitali, nakuta kufuli langu limekatwa, limewekwa jingine. Jirani anasema mwenye nyumba alikuja na vijana wawili wakabeba cherehani, godoro na begi lenye vyeti vyangu pamoja na suruali mbili za mteja. Nadaiwa kodi ya mwezi mmoja, sikatai. Jioni akaniandikia: "Lete hela uchukue vitu vyako." Sasa hiyo hela naishona kwa sindano ya mkono? Ana haki hiyo kweli?

Babu_Mkataba: Pole binti yangu. Huo ujumbe usiufute, amekiri mwenyewe kwa maandishi. Deni ni kesi moja, kukata kufuli ni nyingine. Nchi nyingi zinamtaka atoe notisi, kisha aende mahakamani, ndipo aje dalali wa mahakama mwenye amri mkononi. Piga picha hilo kufuli jipya, usilivunje. Andika orodha ya vitu leo hii ukiwa bado unakumbuka, ukaripoti polisi, na udai namba ya taarifa. Risiti ya cherehani huna? Tafuta picha yoyote ya zamani inapoonekana nyuma yako.

Napangisha_Pia: Mimi niko upande wa wenye nyumba, na wapangaji wasumbufu nawajua. Ila huyu kakosea. Ipo sheria ya kale ya Kiingereza ya kukamata mali ya mpangaji kwa deni la kodi. England na Wales waliifuta mwaka 2014, baadhi ya nchi zilizoirithi bado wanayo. Lakini hata hiyo hairuhusu kuvunja mlango wa nje ili kuingia kukamata. Na tangu kesi ya Simpson na Hartopp, mwaka 1744, inajulikana kwamba kitu cha mteja kilicholetwa kwa fundi kifanyiwe kazi hakikamatwi. Suruali hizo zitaje kwanza! Ukienda kwa mwanasheria, muulize kuhusu amri ya dharura ya kurudishiwa cherehani, usisubiri kesi ya fidia iishe.

Mshona_Usiku: Asanteni. Polisi nimeripoti, orodha nimemtumia mwenye nyumba. Cherehani na godoro anasema nikachukue kesho. Begi eti hakuliona. Jirani amekubali kuandika alichokiona na kutia saini.

Babu_Mkataba: Kesho usiende peke yako. Na usisaini karatasi ya kwamba umepokea vyote.