Mchambuzi aliyecheza mpira na asiyecheza: nani wa kumsikiliza?

Kijiwe_Temeke
Wakuu, habari za jioni. Siku hizi kila ubishi wa mpira unazimwa kwa swali moja: "Kwani wewe umecheza wapi?" Naomba tuwaweke mezani wachambuzi wa aina mbili, mchezaji mstaafu na yule anayeujua mpira bila kuucheza ngazi ya juu. Unamsikiliza nani, na kwa lipi? Usimba na Uyanga tuuache nje.

Beki_Tatu
Mimi aliyecheza. Chukua fainali ya Kombe la Shirikisho 2023, mechi ya marudiano kule Algiers. Diarra wa Yanga akapangua penalti ya USM Alger. Mtaani watu wakasema kabahatisha. Kipa mstaafu hawezi kukwambia hivyo. Atakueleza kuwa kipa anaangalia mguu wa kusimamia wa mpigaji umeelekea wapi, nyonga imefunguka au imefunga, na kwamba kazi ngumu kuliko zote ni kujizuia usiruke mapema huku uwanja mzima unakuzomea. Hayo huyapati kwenye takwimu.

Takwimu_Kwanza
Kwa penalti sikupingi, mkuu. Ila kuujua mwili wa mchezaji na kuisoma mechi nzima ni vitu viwili. Kocha Arrigo Sacchi hakuwahi kucheza soka la kulipwa, alikuwa muuza viatu. AC Milan yake ikabeba Kombe la Ulaya 1989 na 1990. Sasa mtazame Gary Neville na mataji yake yote ya Manchester United: alipewa Valencia aifundishe Desemba 2015, akala 7-0 kwa Barcelona, Machi 2016 hana kazi.

Beki_Tatu
Huo ni ukocha, sisi tunaongelea uchambuzi. Neville huyohuyo kwenye runinga anasikilizwa mpaka leo, hasa akieleza kazi za beki wa pembeni, kwa sababu alizifanya. Na ukitaka makocha waliocheza, Zidane alichukua Ligi ya Mabingwa mara tatu mfululizo, 2016 hadi 2018.

Dada_GA
Mniruhusu niseme jambo. Hilo swali la "umecheza wapi" linatuumiza wanawake kuliko mnavyodhani. Shuleni kwetu wavulana walipewa mpira wa miguu, sisi tukapewa netiboli, hakuna aliyetuuliza tunataka nini. Leo nikichangia kuhusu kiungo mkabaji aliyeacha nafasi yake wazi, naambiwa sikucheza. Nafasi si iko wazi, kila mtu anaiona? Kocha Emma Hayes aliumia kifundo cha mguu angali binti, ndoto ya kucheza ikaishia hapo. Mwaka 2024 aliipa Marekani dhahabu ya Olimpiki pale Paris. Nipimeni kwa hoja yangu.

Filimbi_Mkononi
Dada GA, nakuunga mkono. Nami naongeza hili: kwenye sheria, kucheza hakumsaidii mtu sana. Nachezesha mechi za wilaya, na wanaonizonga zaidi kwa kudai mshambuliaji kaotea kwenye mpira wa kurusha ni wachezaji wa zamani. Mpira wa kurusha hauna kuotea. Kona haina, goli kiki haina. Mtu kacheza miaka mingi na hajawahi kufungua kitabu cha sheria hata siku moja. Akizungumzia uamuzi wa refa, mpeni uzito sawa na shabiki mwingine yeyote.

Kijiwe_Temeke
Beki, unasemaje?

Beki_Tatu
Ya Dada nayakubali, na ya refa pia. Ninachokataa ni kimoja tu. Mtu hajawahi kukimbia pale Mkwakwani saa kumi jioni, jua la Tanga usoni, halafu anasema mchezaji "hana moyo" kwa sababu dakika ya 85 hakurudi kukaba. Aseme alichokiona: hakurudi, nafasi ikaachwa, tukafungwa. Habari za moyo wa mtu awaachie waliowahi kuishiwa pumzi pale.