Natafuta birika la ndege anayepiga mluzi, la mamangu limeungua

BintiMalindi

Assalaam alaykum, na habari za jioni nyote.

Mamangu alipikia familia moja ya Waitaliano hapa Malindi, upande wa Casuarina, kwa miaka kumi na kitu. Walipofunga nyumba kurudi kwao mwaka 1996, wenzake waligawana magodoro na friji. Yeye aliomba birika.

Ni la chuma kisichoshika kutu, pana chini na jembamba juu, umbo lake kama kawa la kufunikia chakula. Kwenye mdomo amekaa ndege mdogo mwekundu. Maji yakichemka ndege anapiga mluzi. Sisi tulilelewa na mluzi ule: wa alfajiri kabla ya chuo, wa daku, wa wageni wa msiba. Mama akiwa uani akiusikia huacha lolote analofanya.

Mwezi uliopita gesi iliisha. Mpwa wangu akaliteleka kwenye jiko la mkaa, akaenda kuchezea simu. Maji yakakauka. Ndege akayeyuka, akaning'inia mdomoni kama ubani uliotafunwa. Mama hakusema kitu, na anayemjua mama anajua kwamba asiposema ndio balaa.

Nimemaliza maduka ya Malindi, nikashuka hadi Mombasa, Biashara Street. Kila duka wananitolea birika la umeme. Mmoja akaniambia, "Dada, mluzi wa nini, hili linajizima lenyewe." Mtandaoni naona mabirika ya ndege chungu nzima lakini hayafanani na letu, na jina lake silijui. Atakayenielekeza nilipate kabla ya Ramadhani, dua zangu zote ni zake.

MzeeWaChai

Pole binti yangu. La Kiitaliano lenye mluzi nalifahamu moja, kampuni ya Alessi, alilibuni Mjerumani Richard Sapper mwaka 1983. Lakini lile halina ndege, lina vibomba viwili vya shaba ya manjano. Kimoja kinatoa noti ya muziki iitwayo "mi", kingine noti ya "si", kwa hiyo halipigi mluzi, linaimba. Bwana yule alitaka likumbushe honi za meli za mto Rhine. Si hilo?

BintiMalindi

Hapana baba, shukrani. Letu ni ndege, tena sauti moja tu, kali.

Mtukutu_001

Wenzio wanatafuta kazi, wewe unatafuta ndege.

KijanaWaTorino

Dada, nijibu haya matatu. Mpini ni wa bluu? Pale chini, karibu na kitako, kuna vidoti vimezunguka kama misumari ya riveti? Kifuniko kina kirungu cheusi?

BintiMalindi

Subhanallah. Yote matatu. Vidoti tulikuwa tukivihesabu tukiwa watoto.

KijanaWaTorino

Basi tumelipata. Ni kampuni ileile aliyoitaja mzee, Alessi. Namba yake 9093, lilitoka mwaka 1985. Aliyelibuni ni Mmarekani Michael Graves, na kazi yake hasa ilikuwa kuchora majengo. Ndiye aliyechora Portland Building, lile jengo la ofisi za jiji huko Oregon lililozua mabishano lilipofunguliwa mwaka 1982, wengine wakilipenda na wengine wakilitukana hadi leo. Alifundisha chuo kikuu cha Princeton huko Marekani miaka karibu arobaini. Amefariki Machi 2015. Mtu wa maghorofa, lakini kilichoingia kwenye majiko ya watu ni birika.

Hata hizo rangi hazikuwekwa kwa urembo tu: bluu pale unaposhika, nyekundu pale panapotoka mvuke.

Jipya bado linatengenezwa, lakini jiandae, linapita euro 100 kabla hujafikiria usafirishaji, ushuru na VAT ya asilimia 16 huko Kenya. La mtumba litafute kwenye eBay au Subito, mtandao wa matangazo wa Italia, na uandike kwa Kiitaliano: "bollitore Alessi uccellino". Ukiandika birika la ndege kwa Kiingereza utaletewa yale ya kuigiza, mengine ndege wake anafanana na bata. Kabla ya kulipa omba picha ya kitako. La kweli limegongwa jina la kampuni kwenye chuma chenyewe, la kuigiza halina kitu au lina stika.

Na usije ukanunua lenye joka la kijani. Lile linaitwa Tea Rex, walilitoa mwaka 2015 birika lilipotimiza miaka thelathini. Mwili ni uleule, kwa hiyo kwenye picha ndogo ni rahisi kudanganyika.

BintiMalindi

Euro 100! Mama akijua bei atasema ninunue mbuzi.

FundiBati_Kariakoo

Wakuu, nimesoma uzi mzima na hakuna aliyeuliza. Dada, hilo la zamani lenyewe liko wapi? Umelitupa?

BintiMalindi

Lipo. Mama anatilia maji ya udhu.

FundiBati_Kariakoo

Linavuja?

BintiMalindi

Halivuji. Limekuwa jeusi chini na mpini umebabuka kidogo upande mmoja. Ndege ndiye aliyekwisha.

FundiBati_Kariakoo

Sasa dada unatafuta birika la nini? Wewe unatafuta ndege, yule Mtukutu amesema kweli bila kujua. Chuma kile ni inoksi 18/10, daraja la chuma kisichoshika kutu, hakifi kwa kuungua mara moja. Weusi wa nje chemshia maji ya ndimu au siki kwenye sufuria kubwa, usugue na magadi na kitambaa, usitumie steelwool maana itakichubua na hakitang'aa tena. Ndege ni plastiki, poliamidi, ndugu yake nailoni. Anachomoka. Mabaki yake usiyakwangue kwa kisu, yavute kwa koleo ukiwa umefunga kitambaa.

Ukishindwa kumpata, niletee. Nitakutengenezea filimbi ya bati. Haitakuwa ndege lakini italia.

MwalimuFizikia

Fundi, hapo usimpe matumaini mepesi. Filimbi ya birika ni kijumba kidogo chenye vibati viwili, kila kimoja na tundu, na matundu yanatazamana. Mvuke unapita tundu la kwanza kwa kasi, ukifika la pili unayumba na kujikunja kuwa vimbunga vidogo, na ndivyo vinavyotoa sauti. Kuna watafiti wawili wa Cambridge, Ross Henrywood na Anurag Agarwal, walilichunguza jambo hili na kulichapisha mwaka 2013. Ndiyo, watu wazima wamekaa maabara wakisikiliza birika. Matundu yakipishana kidogo, au nafasi kati ya vibati ikiwa si yenyewe, unapata pumzi tu.

FundiBati_Kariakoo

Mwalimu, mimi nimetengeneza filimbi za marefa.

MwalimuFizikia

Ya refa ina mdomo wa refa nyuma yake.

Mtukutu_001

Huu uzi usifungwe.

KijanaWaTorino

Fundi ametuokoa, mimi nilirukia kununua kama mtu aliyekaa Ulaya sana. Ndege wa 9093 anauzwa peke yake kama kipuri, kwa sababu watu wengi humpoteza au kumchoma. Dada hakuwa wa kwanza. Kiwanda kiko Crusinallo, kitongoji cha Omegna, kando ya ziwa Orta, na pembeni yake wana duka lao. Kutoka kwangu ni mwendo, lakini mwezi huu nina safari ya Milano, naweza kuzungukia huko. Nitumie picha ya mdomo wa birika na upana wa tundu kwa milimita, nisije nikaleta wa toleo lingine.

BintiMalindi

Kaka yangu, Mungu akuzidishie. Nimepima kwa rula ya mpwa, yule yule mkosaji. Nakutumia faraghani pamoja na picha. Fundi, ndimu na magadi vimefanya kazi, vidoti vimeonekana tena. Mama aliuliza kwa nini nasugua birika la udhu. Nikasema uchafu.

MzeeWaChai

Binti, na hao Waitaliano wenyewe mmepotezana? Malindi yenu hiyo imejaa Waitaliano tangu enzi za majukwaa ya San Marco kule Ungwana, walikokuwa wakirusha satelaiti toka miaka ya sitini. Huenda hata mmoja wao analo stoo.

BintiMalindi

Bibi mwenye nyumba alifariki, baba. Watoto wake hatuna anwani yao. Hilo nalo ni sehemu ya sababu, sikutaka kuliandika mwanzo.

BintiMalindi (wiki sita baadaye)

Wapendwa, narudi na habari. Ndege alifika kwenye begi la shangazi yake KijanaWaTorino, amefungwa ndani ya soksi. Ni mwekundu zaidi kidogo kuliko wetu, au wetu alikuwa amepauka kwa mvuke, sijui. Ameingia mdomoni bila kusukumwa.

Nilimpa mama mkononi. Akampuliza kwa mdomo kwanza, hakulia. Akamgeuza, akamtazama chini, akampuliza tena. Kisha akajaza maji, akateleka, akavuta kigoda akakaa mbele ya jiko. Mama hakai jikoni hata siku moja. Ndege alipoanza kulia, mama hakuzima. Mpwa wangu ndiye aliyekuja mbio kutoka chumbani kuzima gesi, akapigwa kofi la mkono.

Baadaye akaniuliza yule aliyeyeyuka nimemtupa wapi. Sikumtupa. Sasa yuko kabatini kwenye kikombe kimoja cha vyombo vya wageni, na udhu tumenunua kopo la plastiki.

FundiBati_Kariakoo

Hongera dada. Kitako cha lile birika ni sentimita 22 hivi, moto usitokeze nje yake. Washa kile kichomeo kidogo cha jiko, siyo kikubwa. Na mkaa ndio usirudie kabisa.

Mtukutu_001

Shangazi wa Torino anarudi lini? Kuna joka moja la kijani nimelipenda.