Mrejesho: picha yangu ya Irente iliyojaa ubluu

Wakuu, nimerudi. Niliuliza jinsi ya kuokoa picha niliyopiga Irente, Lushoto, ambayo tambarare yote ya chini ilitoka bluu iliyopauka. Mkanijibu niache kukoleza rangi zote kwa mkupuo (anga langu lilishafanana na ukuta wa baa), nitumie leya (tabaka la marekebisho juu ya picha) ya Curves kwenye Photoshop, yaani ule mstari unaoupinda kubadili mwanga na rangi.

Imekubali. Kwenye chaneli ya bluu nilishika mstari katikati nikaushusha kidogo tu. Bluu ikipungua njano inaingia, na majani yakarudi kuwa majani. Leya ya pili, kwenye RGB (rangi zote tatu kwa pamoja), nikasogeza ncha ya kushoto ya mstari hadi histogramu, ile grafu ya giza na mwanga wa picha, inapoanzia. Utusitusi ulikatika kuliko nilivyotegemea. Kisha nikaupinda mstari huo umbo la S ili kuongeza kontrasti.

Hapo nikaharibu: udongo mwekundu ukawaka kama chungwa. Aliyesema leya hiyo niiweke modi ya Luminosity (inagusa mwangaza tu, si rangi), asante mkuu, rangi zimetulia. Ila ile leya ya bluu msiiweke Luminosity, mtapoteza marekebisho yake ya rangi.

Anga nimelikinga kwa maski: unapopaka brashi nyeusi laini, marekebisho yanafichwa. Brashi imevuja hadi mlimani: ukingo wa mlima bado una utepe wa bluu. Leo usiku narudia kwa brashi ndogo.