Nikitaja hati anaangalia chini. Ananidanganya?

Mama Wawili: Habari za jioni wakuu. Kuna jamaa ananiuzia kiwanja Ihumwa, hapa Dodoma. Jana alikuwa kwangu, kakaa mkekani anamenya karanga. Nilipotaja hati mikono ikasimama, akatazama chini, akawa anasugua ganda moja mpaka likasagika. Mnaojua kumsoma mtu, huo ni uongo? Sijalala.

Mzee wa Kibaigwa: Mimi nimenunua mahindi Kibaigwa miaka mingi. Aliyeniliza kuliko wote alinikazia macho bila kupepesa. Juu ya gunia mahindi, chini pumba.

Mgogo Halisi: Sisi tumelelewa kwamba kumkazia mkubwa macho ni utovu wa adabu. Bosi wangu wa kwanza aliniita mwizi kisa natazama chini. Hela ikakutwa kwenye droo yake mwenyewe. Mpaka leo inaniuma.

Dada Tulia: Wanasaikolojia wa Marekani, Bond na DePaulo, mwaka 2006 walijumlisha tafiti zenye washiriki zaidi ya 24,000. Kumtambua mwongo kwa kumwangalia na kumsikiliza, watu walipatia asilimia 54 hivi. Ukirusha sarafu unapata 50! Mwoga naye anatetemeka kama mwongo. Muulize asichotarajia, mfano jirani wa kiwanja ni nani, halafu nenda ukahakikishe. Umeshatoa hela?

Mama Wawili: Kidogo.

Dada Tulia: Kidogo ngapi? Na huyo jamaa ni nani?

Mama Wawili: Milioni 3 kati ya 5. Ni shemeji yangu, mdogo wake mume wangu. Hatukuandikishana. Mtu aliyembeba mwanangu mgongoni, namdaije karatasi? Na bei ilikuwa inapanda.

Baba Nidhamu: Mke wa mtu ananunua ardhi kimyakimya. Ndoa za siku hizi!

Jicho Kavu: Chai hii. Mwanzo "jamaa", sasa shemeji. Kesho atakuwa baba mkwe.

Mpita Njia: Chai na karanga. Mwenye kikombe asogee.

Mama Wawili: Niliona aibu kusema. Hizo ni hela zangu za vikoba, miaka minne.

Dada Tulia: Mimi namwamini. Mdogo wangu, kesho peleka namba ya kiwanja idara ya ardhi ya jiji, waangalie kina jina la nani. Usiongeze hata shilingi.

Mama Wawili: Nimempigia, nikamwambia tukutane huko saa mbili asubuhi. Kanyamaza, kisha kauliza: "Kaka anajua?"

Dada Tulia: Anajua?

Mama Wawili: Hajui. Anarudi leo na treni ya usiku kutoka Dar. Nitamwambia kabla hajala.