Nimepanda jiwe, kava la betri limebonyea. Fundi anataka nibadili betri nzima

Mzee wa Goba: Wakuu, naomba mwongozo. Nina gari dogo la umeme, mtumba wa Japani, mwezi wa tano sasa. Juzi usiku nilikwepa bodaboda nikapanda jiwe, nikasikia "kwaa!" chini ya miguu. Asubuhi nikapiga jeki: kava la betri limebonyea upana wa kisahani cha chai, rangi imechubuka hadi bati linang'aa. Gari linatembea, dashibodi haijawasha taa yoyote. Gereji wamemulika tochi dakika mbili, wakasema betri nzima ibadilishwe. Bei yenyewe inakaribia niliyonunulia gari! La petroli ningechomelea sampo, maisha yakaendelea. Napigwa, au ndivyo umeme ulivyo?

Kipanga: Una bima kubwa au ndogo?

Mzee wa Goba: Ndogo mkuu. Usinitoneshe.

Fundi Rewaya: Pole mkuu. Tochi haiwezi kuhukumu betri. Kwanza jua kama yako inapozwa kwa maji au kwa hewa. Zinazopozwa kwa maji nyingi zina njia za maji chini ya seli, vile vibetri vidogo vya ndani; pakibonyea panaweza kupasuka, maji yakaanza kunyemelea umeme kimyakimya. Nissan Leaf za vizazi viwili vya kwanza hazina hayo, zinategemea hewa tu. Ndiyo maana joto huzichosha mapema, ila hakuna maji ya kuvuja.

Pili, imefungwaje? Leaf za mwanzo, zenye betri ya kWh 24 (kilowati-saa), zina moduli 48, yaani mafungu ya seli, za kufunga kwa boliti. Moduli moja ikifa unaitoa, unaweka nyingine yenye nguvu inayolingana na wenzake. Sasa njoo kwenye Tesla Model Y zile za seli nene za duara ziitwazo 4680: seli zimezamishwa kwenye povu gumu, na viti vya mbele vimefungwa juu ya betri hiyohiyo. Kiwandani wamepunguza vipande na uzito, safi kabisa, lakini fundi wa kesho hakualikwa kwenye kikao. Hapo ukiambiwa badili yote, unaweza kuwa ukweli.

Kama yako ni ya boliti, lipia kazi ya kuishusha na kuifungua tu. Wapime kwa mega, kile kipimo cha uvujaji wa umeme, kama umeme unavuja kwenye bodi, waangalie seli za pale palipobonyea. Ikiwa bati pekee ndilo limeumia, unatafuta kava la mtumba.

Da Semeni: Asiguse mtu waya za rangi ya chungwa kabla ya kuchomoa plagi ya kukata umeme na kusubiri angalau dakika 10. Zile ni volti zaidi ya 300, na glovu za kuoshea vyombo sizo. Halafu kaka, seli iliyominywa inaweza kukaa siku kadhaa ndipo iwake. Unalaza wapi hilo gari?

Mzee wa Goba: Chini ya dirisha la watoto. Ngoja nikalisogeze, narudi.