Nimeuziwa albamu ya Diana Krall, majina ya watunzi yote yamefutwa, na muuzaji ndiye anayenifokea!

Wakuu, habari za usiku. Niko Lubumbashi na nimekasirika kwelikweli.

Kuna duka la simu na chaja hapa mjini kati, linauza na muziki, jina nalihifadhi. Nimelipa faranga 20,000 wanijazie kwenye flashi albamu ya Diana Krall, Wallflower, ya mwaka 2015. Kijana akaniapia: kamili, sauti safi. Kufika nyumbani nakuta nyimbo kumi. Albamu ina kumi na mbili! Na zilizokosekana ni zipi? Ule wa Bob Dylan ulioipa albamu jina lake, na ule alioutunga Paul McCartney ambao hakuwahi kuutoa mwenyewe. Yaani ule mmoja ulio mgumu kuupata kwingine, ndio wameuacha.

Hayo ningeyavumilia. Sivumilii hili: kila faili, pale pa kuandika mtunzi, pana jina la duka. La duka!

Albamu hii nzima ni nyimbo za watu wengine. Krall ni Mkanada, mpiga piano na mwimbaji wa jazz, na hapa aliokota nyimbo za pop zinazojulikana, akaziimba polepole kwa ile sauti yake nzito, David Foster akiwa mtayarishaji. "California Dreamin'" ni ya John na Michelle Phillips. "Desperado" ni ya Don Henley na Glenn Frey. "Don't Dream It's Over" ni ya Neil Finn. Ukifuta majina hayo umebakiza nini?

Binti ya dada yangu anaimba na bendi hotelini. Flashi ni kwa ajili yake, ajifunze mtu anaugeuzaje wimbo wa mwenzake. Chukua "I'm Not in Love". Kundi la 10cc, mwaka 1975, lilirekodi sauti za watu wachache mara nyingi, likazipandanisha kwenye tepu mpaka zikawa kama kwaya kubwa isiyovuta pumzi. Krall anakuja na sauti moja mbele, piano na vayolini nyuma. Hapo ndipo pana somo lenyewe, ukisikiliza zote mbili. Sasa mtoto ataitafuta vipi ya kwanza kama ameandikiwa kwamba mtunzi ni duka la simu na chaja?

Na kwenye "Alone Again", anayoimba na Michael Bublé, piano ndiyo kwanza inaanza, taratibu, mara lidume linapiga kelele jina la duka na namba ya simu! Linarudia tena katikati ya ubeti. Sauti nayo wameipandisha mpaka vayolini zinakwaruza.

Nimerudi kudai. Jibu la yule kijana muuzaji: "Papa, uko na matata mingi. Muziki ni muziki. Njo vile tunauzishaka yote." Mbele ya wateja, mtoto mdogo vile!

Na sisi ni watu wa Katanga! Mwenda Jean-Bosco, mpiga gitaa wetu, alirekodiwa na Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Kiafrika, mwaka 1952 kule Jadotville, Likasi ya leo, na gitaa lake limeigwa na wapigaji wa nchi nyingi. Mzungu akipiga wimbo wake "Masanga" bila kumtaja Mwenda, jukwaa hili huwaka moto, na ni haki liwake. Basi mbona Neil Finn tunamfutia jina papa hapa mjini kwetu na hakuna anayeshtuka?

Msinijibu "pakua mwenyewe". Mega za intaneti tunanunua kwa bei gani, mnajua.

Kesho asubuhi narudi pale na flashi mkononi: wanirudishie hela yangu au wanijazie nyimbo zote kumi na mbili, majina yakiwa kamili na lile likelele limeondolewa. Wa Lubum, kama kuna mwenye CD halisi, anikopeshe au aniuzie, nitamfuata hata Katuba. Na wa Bukavu na Goma, kwenu wauzaji wanayaacha majina ya watunzi?