Mchezaji wa kikapu anayehama timu kila msimu: ameshindwa au yuko kazini?

Mjomba wa Mikindani:
Habari za jioni, ndugu zangu. Mpwa wangu yuko kidato cha tatu hapa Mtwara, amewapita walimu wake wote kwa urefu, na tangu arudi kwenye mashindano ya UMISSETA, ya shule za sekondari, hana habari nyingine ila mpira wa kikapu. Mama yake, ambaye ni dada yangu, amesikia jinsi Hasheem Thabeet, Mtanzania aliyecheza NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, alivyozunguka timu nyingi, na anasema kwamba mchezaji anayeachwa kila mahali ni yule asiyejua mchezo. Neno la mwisho ameniachia mimi mjomba. Je, kuhamahama huko ni kufeli, au ni kazi kama kazi nyingine?

Mwalimu wa Michezo, Lindi:
Shikamoo, mjomba. Kila mwaka timu za NBA huchagua wachezaji wapya kwa zamu, na Thabeet alichaguliwa wa 2 na Memphis Grizzlies mwaka 2009, mbele ya James Harden aliyekuwa wa 3 na Stephen Curry wa 7, baada ya kusoma na kucheza Chuo Kikuu cha Connecticut, ambako alisifika kwa kuzuia mipira isiingie kikapuni. Msimu wake wa kwanza haujaisha, Memphis wakampeleka Dakota Wizards ya ligi ya chini. Baadaye akapita Houston, Portland na Oklahoma City, kisha akacheza Japani na Taiwani. Wengi huona huko ni kuporomoka. Mimi naona kwamba miaka 10 baada ya kuchaguliwa bado zilikuwapo timu zilizokuwa tayari kumlipa, na wanaodumu hivyo ni wachache.

Mwambie dada pia habari za Ish Smith. Mwaka 2010 hakuna timu iliyomchagua, na urefu wake ni mita 1.83 tu, lakini amevaa jezi za timu 13 za NBA, idadi ambayo hakuna aliyeifikia kabla yake, na katika timu hiyo ya 13, Denver Nuggets, akatwaa ubingwa mwaka 2023. Asiyejua mchezo haitwi mara zote hizo. Huitwa mtu anayefika leo, akashika mipango ya kocha kabla ya mechi ya kesho kutwa, akaingia kwa dakika tano bila kupoteza mpira, na akirudishwa benchi hanuni.

Dada wa Shangani:
Nakubaliana na Mwalimu kuhusu heshima ya kazi hii, ila suala la mkataba amelipita haraka mno. NBA kuna mkataba wa siku 10: timu inaweza kumpa mchezaji mikataba miwili ya namna hiyo kwa msimu, na baada ya hapo ama imsajili hadi msimu uishe, ama imwache aende zake. Huyo anaishi hotelini, nguo zimo begini, na hajui kama siku ya 11 atakuwa na kazi. Katika ligi nyingine mshahara huweza kuchelewa, na ingawa FIBA, shirikisho la kikapu duniani, ilianzisha baraza la usuluhishi mwaka 2007, baraza hilo husikiliza shauri ikiwa pande zote mbili zimekubali kulitumia, jambo ambalo kwa kawaida huandikwa ndani ya mkataba wenyewe. Kijana asiyeweza kuusoma mkataba wake atasaini bila kifungu hicho. Kwa hiyo amalize shule, na Kiingereza akishike barabara.

Mjomba wa Mikindani:
Nawashukuru sana. Kuna mtu amempigia mpwa wangu simu akijiita wakala, anataka alipwe kwanza ili amtafutie timu ng'ambo.

Dada wa Shangani:
Usimpe hata shilingi, mjomba. Wakala wa kweli hupata fungu lake mkataba ukishasainiwa, na wenye leseni ya FIBA wameorodheshwa kwenye tovuti ya shirikisho hilo, hivyo muulize jina lake kamili ulitafute mwenyewe. Isitoshe, kanuni za FIBA haziruhusu mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamia timu ya nchi nyingine, isipokuwa kwa sababu maalumu zinazochunguzwa moja moja.